Mwenzako Anapokataliwa Mswada

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo waandishi hulisemea chinichini: mwenzako akikataliwa mswada, wewe uliye karibu naye ufanye nini.

Naanza na swali ambalo huenda likawakera baadhi yenu. Huo mswada umeusoma? Wengi wetu hukimbilia kumpa mtu pole kwa kazi ambayo hatujafungua hata ukurasa wake mmoja. "Usijali, wewe ni mwandishi mzuri." Anaitikia asante, lakini moyoni anajua hatuna msingi wa kusema hivyo. Aliyesoma ana maneno mengine kabisa. Atamwambia, "Yule mjane anayehesabu vifungo vya shati la marehemu mumewe, hadi leo sijamsahau." Hapo mwandishi anajua kwamba kazi yake imemfikia mtu, na hilo ndilo barua ya mchapishaji imemfanya alitilie shaka. Kwa hiyo msaada huanza kabla ya habari mbaya kufika. Omba mswada, usome, weka alama pale palipokugusa.

Siku ya habari yenyewe, mwache aseme. Tafadhali msimtajie waandishi mashuhuri waliowahi kukataliwa. Mifano hiyo ni ya kweli, nami nitautaja mmoja sasa hivi, lakini ikija mapema humziba mtu mdomo: huzuni yake inageuzwa somo kabla hajaimaliza. Wala usimtukane mhariri mitandaoni kwa niaba yake. Huenda kesho akataka kumpelekea mhariri huyohuyo kazi nyingine.

Akishatulia, muulize kama angependa muisome barua pamoja. Aliyeumia huisoma barua yote kama neno moja, hapana, na hapo mambo mengi humpita. Kuna barua ya kawaida inayotumwa kwa kila mtu: "Tunasikitika kukujulisha kwamba kazi yako haikuchaguliwa." Hiyo haina la kuchambuliwa, msiikalie usiku kucha. Lakini mhariri akitaja mhusika kwa jina, au akiandika "tungependa kuona kazi yako nyingine," huyo amesoma. Wahariri wana kazi nyingi. Hawaombi miswada zaidi kwa adabu tu. Nimeona waandishi wakiuchukulia mwaliko wa namna hiyo kuwa ni kufarijiwa, wakauacha ukapotea. Rafiki ndiye wa kuwaonyesha ule mstari.

Angalieni pia sababu. Mwaka 1944 mshairi T. S. Eliot, akiwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji ya Faber and Faber, alimwandikia George Orwell kuukataa mswada wa riwaya tunayoijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Uandishi wake aliusifu. Kilichomkwamisha ni msimamo wa kisiasa wa kitabu, wakati vita vikiendelea na Urusi ikiwa mshirika wa Uingereza. Mchapishaji mwingine alikitoa mwaka uliofuata. Barua ya namna ile haimtaki mwandishi abadilishe sentensi hata moja. Inamtaka atafute mlango mwingine.

Siku hizi jibu lenyewe mara nyingi ni kimya, na kimya hula mtu polepole. Chinua Achebe alituma mswada wa riwaya yake ya kwanza, ulioandikwa kwa mkono, kwa kampuni ya London iliyokuwa ikipiga miswada taipu. Miezi ikapita bila neno. Angela Beattie, mkubwa wake kazini kwenye shirika la utangazaji la Nigeria, alipokwenda London likizo, alifika mwenyewe ofisini kwao kuudai. Ukapatikana, na kitabu kikatoka mwaka 1958. Tazameni alichofanya: aliuliza, pale ambapo mwenye kazi alishachoka kuuliza. Nanyi mnaweza kumsaidia mwenzenu kuandika ule ujumbe mfupi wa kufuatilia, au kumtunzia orodha ya wapi mswada umekwenda na lini.

Jambo gumu zaidi ni pale wewe umekubaliwa na yeye amekataliwa, pengine na mchapishaji mmoja. Usimfiche. Mwambie wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, kwa maneno machache, kisha usisubiri shangwe. Akichelewa kukupongeza, mvumilie. Urafiki huu hufa zaidi kwa kufichana kuliko kwa wivu.

Na kama kazi ina kasoro kweli? Usiseme siku ile. Lakini akikuuliza, jibu, na ujibu kwa ukurasa: "Sura ya tatu nilipotea, sikujua nani anazungumza." Kumwambia kwamba wahariri wote ni vipofu ni kumtuma tena barabarani na tatizo lilelile. Baada ya hapo muulize anataka kuirekebisha lini, na kama atapenda uisome tena ikiwa tayari. Akisema hapana, ameiweka kando, anaanza nyingine, muulize hiyo nyingine inahusu nini.