Alaimenti ya gari nyumbani kwa uzi na rula

Wadau, karibuni. Leo tunapiga alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi, hapa hapa uani. Gari ni Toyota IST, vifaa ni uzi, rula ya chuma, spana na vigae. Tunarekebisha tou peke yake, yaani matairi ya mbele yanaangalia ndani au nje kiasi gani. Ukipapasa meno ya tairi, mkono ukaenda laini upande mmoja na kukwaruza ukirudi, basi tou imehama.

Upepo jaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, hiyo mnaijua. Nyanyua mbele, weka stendi, shika tairi kushoto na kulia, tikisa. Likicheza, tairodi (fimbo inayosukuma tairi ukigeuza usukani) au raki endi (kiungo chake kwenye raki, mtambo wa usukani) imekwisha. Likicheza juu na chini, angalia boljointi (kiungo cha duara kinachobeba gurudumu) na beringi. Badilisha kwanza, la sivyo unapima hewa.

Sasa vigae. Kila tairi la mbele linakalia viwili, uso kwa uso, grisi katikati. Nyuma weka viwili vikavu kila tairi ili gari likae sawa. Gari likitoka kwenye jeki, sakafu inayabana matairi yasitanuke, namba zinatoka za uongo. Kwenye grisi yanateleza hadi yanakaa yenyewe. Vuta hendibreki, weka kabari nyuma, bonyeza bampa mara nne tano. Nyoosha usukani, ufunge na kiti kwa kamba.

Haya, uzi. Mimi napenda ule wa mafundi ujenzi wa rangi kali, unaonekana hata kwenye kamera. Funga kwenye stendi mbele na nyuma ya gari, pande zote mbili, usawa wa katikati ya rimu. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi kwenye uzi. Nyuma weka 80 mm kushoto na 80 kulia. Mbele huenda ukapata 74 kushoto na 70 kulia. Sogeza uzi hadi iwe 72 na 72. Mbele na nyuma si lazima zilingane, kwa sababu upana wa ekseli hutofautiana. Kushoto na kulia ndiko lazima kulingane.

Ukisogeza uzi mbele, wa nyuma umehama. Rudi kapime. Umeegemea gari? Kapime. Mtoto kapita? Kapime!

Ngoja, ngoja. Hapo kwenye kamera mnaona uzi unagusa tumbo la tairi la nyuma? Umepinda huo. Stendi zinatoka nje kidogo, tunaanza upya. Afadhali sasa kuliko baada ya kukaza nati.

Sawa. Pima kutoka ukingo wa rimu hadi kwenye uzi, ukingo wa mbele kisha wa nyuma. Wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, tairi linaangalia ndani. Ukiwa karibu zaidi, linaangalia nje. Hapa tairi la mbele kulia, ukingo wa mbele ni 66, wa nyuma 69, yaani nje 3 mm, na ndiyo maana tairi limelika ndani. Fuata kitabu cha gari lako; mimi hapa nalenga sifuri hadi 1 mm ndani kila upande.

Piga alama ya rangi kwenye nyuzi za skrubu za tairodi. Legeza nati ya kufungia, nyingi ni spana 19. Kabla ya kuzungusha, toa klipu ya mpira wa raki, ule unaofunika mwisho wa raki. Klipu, jamani! Usipoitoa mpira unajisokota, unachanika, maji na mchanga vinaingia kwenye raki, na raki si bei ya mpira.

Zungusha tairodi robo ya mzunguko tu, ni kama 1 mm kwenye rimu. Raki ya IST iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kurefusha tairodi kunaangalisha tairi ndani. Kwenye gari ambalo raki iko mbele, ni kinyume. Bonyeza bampa, kapime uzi, kisha rimu.

Unapokaza nati, shikilia tairodi kwa spana ya pili isizunguke nayo. Pima tena baada ya kukaza. Rudisha klipu.

Jaribu barabara tambarare. Kama gari linakwenda wima lakini usukani umelala kushoto, refusha tairodi ya kulia robo, fupisha ya kushoto robo. Tou ya jumla haibadiliki, usukani ndio unanyooka. Umelala kulia, geuza.