MAMA HAPANDI NDEGE: Nawajibu mnaoniuliza habari ya meli

Assalaam alaykum, hamjambo wote. Leo sina taa, sina kamera ya maana. Nimo garini, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, nimesimama hapa karibu na bandari ya Southampton. Mkiniona macho yamevimba msiandike kwamba nimelia. Sijalala tu.

Nimewasha simu kwa ajili ya swali moja. Tangu ile video ya boko-boko, niliposema kwamba Januari nampeleka mama Unguja kwa meli, kila nikifungua maoni nakuta lile lile. "Dada, si umpandishe ndege kama watu?" Mwengine: "Hizo pesa si ungemjengea nyumba Fuoni?" Na yupo mmoja, simtaji, kaandika kwamba sisi wa Ulaya tukishiba tunatafuta pa kutapikia. Haya, leo nakujibu na wewe.

Kwanza siringi. Kazi yangu mnaijua, nageuza wazee wa watu vitandani usiku. Pesa ya meli imetoka kwenye mchezo, wanawake kumi, nimecheza miaka mitatu na zamu yangu niliomba iwe ya mwisho makusudi ili nisiile. Kaka yangu wa Muscat kaleta rial zake bila ya kuulizwa. Yule mwengine, ambaye najua ananiangalia hapa hapa, kila nikiweka hesabu kwenye grupu la familia anaandika "inshallah tutaona". Mwaka wa pili huu anaona. Lakini rangi ya sanduku la mama ana maoni nayo, eti jekundu si la mtu mzima. Tuendelee, nisije nikaharibu siku.

Ndege. Mama alikuja huku 2006 kwa ndege, peke yake, na huko juu ikawarusha. Yeye anasema ilianguka ikaokotwa. Alimshika mkono mtu asiyemjua mpaka wanatua, na miguu ilivimba hata viatu akashuka navyo mkononi. Akasema, tena basi. Nikadhani maneno ya uchovu. Toka siku hiyo hajarudi kwao hata mara moja. Dada yake mkubwa alipofariki, mama alikaa kwenye ngazi za nyumba yetu na simu sikioni, anasikiliza watu wakisoma huko, mpaka chaji ikaisha. Kwa hiyo msinambie "mpe dawa ya usingizi alale mpaka afike". Ana presha, ana sukari, ana miaka 76. Daktari mwenyewe hakulipenda wazo hilo.

Kuna wanaouliza kwa busara zaidi: Mzanzibari gani anaogopa ndege asiogope meli, baada ya kuzama ile Spice Islander? Swali zuri, na mimi nilimuuliza. Septemba ile ya 2011 mama alikuwa hapa hapa, na mtaani kwetu Ng'ambo kuna nyumba haikurudi mtu. Alinijibu kwa sauti ndogo: "Ile walijaza watu kupita kiasi chake. Bahari haikuwa na kosa." Basi. Hakuongeza, na mimi sikuongeza.

Njia sasa. Mlionambia kwa nini tusipite Suez, ndiyo, ni karibu zaidi. Lakini tangu mwisho wa 2023 meli ziliposhambuliwa Bahari ya Sham, kampuni nyingi za meli za kitalii zimeikwepa njia hiyo, na safari zilizokuwa zikihama kutoka Ulaya kwenda Ghuba kila kipupwe nyingi zilifutwa. Hii yetu inashuka pwani ya magharibi: Tenerife, kisha Walvis Bay kule Namibia, Cape Town, Durban, inapanda hadi Unguja, halafu Mombasa, na inarudi kupitia Mauritius na Lisbon. Siku 74. Mama aliposikia Cape Town akacheka. Kumbe mjomba wake alikuwa baharia, na zamani meli za Union-Castle zilikuwa zikitoka papa hapa Southampton kwenda Cape Town kila Alhamisi saa kumi jioni, kisha siku ikabadilishwa, na 1977 zikakoma kabisa. Yeye hajali bwawa la kuogelea wala ukumbi wa muziki. Kaniuliza mawili tu: tutafika kaskazi au kusi, na kibla melini watakijuaje. Kaskazi, nikamwambia, Februari. Kibla nimemwekea kwenye simu. Hakiamini.

Sasa makaratasi. Hapa ndipo nilipotaka kufika, maana ndipo pesa na roho yangu vilipoishia.

Mama ana pasipoti ya Tanzania na ukaazi wa kudumu wa hapa. Uraia wa hapa hautaki, kwa sababu Tanzania haina uraia pacha na yeye hawezi kuirudisha ile pasipoti yake. Mimi niliirudisha. Tulikosana miezi mingi, hayo tuyaache. Zamani mkaazi alikuwa na kadi mkononi, anaionyesha, anapita. Kadi zile zimeondolewa, sasa ni viza ya mtandaoni iliyofungwa na namba ya pasipoti yako. Mama kabadilisha pasipoti mwaka jana. Kwa hiyo mtandao unamjua mtu mwenye namba ya zamani. Kuingia kurekebisha unatakiwa ufunguo unaotumwa kwenye barua pepe, na barua pepe aliifungua mpwa wangu, ambaye neno la siri kalisahau na namba ya simu aliyoitumia kaibadilisha. Wiki sita, ndugu zangu. Nakaa kwenye simu nasikiliza kinanda, likizo yangu inakwisha kwa kinanda. Na kampuni ya meli wanasema bila ya ushahidi wa kurudi Uingereza hapandi, nukta.

Halafu Tenerife. Tenerife ni Uhispania, kwa hiyo Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na ukaazi wa Uingereza haumsaidii kitu. Nikasema hatutashuka, tutakaa ndani ya meli tuangalie mlima kwa dirishani. Hapana, viza anatakiwa awe nayo hata kama hashuki. Tena viza ya kuingia mara moja haitoshi, maana tukitoka Tenerife tunakuwa tumetoka Schengen, na tukija Lisbon tunaingia upya. Ukiomba ya mara moja umekwama njia ya kurudi. Ada yuro 90, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na ada ya kituo cha kuombea viza juu yake.

Kituoni siku ile ya alama za vidole nataka niwahadithie. Mama kaweka vidole vinne kwenye kioo. Mashine ikawaka nyekundu. Kavipangusa kwa ncha ya mtandio, karudia, nyekundu. Nyuma yetu foleni inakohoa. Binti wa pale, Mungu amuweke, alitoka kwenye kiti chake, akachukua krimu kidogo, akampaka ncha za vidole akawa anavibonyeza kimoja kimoja, taratibu, kama anamfundisha mtoto kuandika. Ikakataa tena. Akauliza kwa upole, huyu mama alikuwa akifanya kazi gani? Mama akanambia: "Mwambie vimeishia kwenye mbuzi." Nilisimama pale natafuta Kiingereza cha mbuzi ya kukunia nazi. Nimemwambia jiko. Mara ya saba ikapita kijani, na mama akakipiga busu kidole gumba chake mwenyewe mbele ya watu wote.

Lakini subirini, na mimi nimepata yangu. Mwenye pasipoti ya buluu ya Uingereza, najiona nimefika. Nafungua masharti: Namibia, mama anaingia bila ya viza, mimi nalipa dola za Namibia 1,600. Unguja, mama anaingia kwao. Mimi, niliyezaliwa hapo hapo, hospitali ya Mnazi Mmoja, viza dola 50. Nilipomsomea, mama aliweka kikombe chini akanitazama. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Jambo moja tu lilikwenda vizuri, chanjo ya homa ya manjano. Kwa mtu aliyepita miaka 60 chanjo ile ina hatari yake, daktari hapendi kuitoa hivi hivi, na baadhi ya nchi zinadai cheti meli ikiwa imepitia bandari kama Dakar. Ndiyo sababu nimechagua meli isiyotia nanga huko, ingawa ilikuwa ghali kidogo. Kisha mama akatoa kile kikopo chake cha biskuti, na ndani, chini ya hati ya ndoa na meno ya mtoto wa mtu, kadi ya manjano ya 2006. Nikamwambia imekwisha, zilikuwa miaka kumi. Kumbe tangu 2016 cheti kile ni cha maisha, hata cha zamani. Kikopo kimenishinda miye na intaneti yangu.

Bima ndiyo itakayowaua. Melini hakuna NHS, yale matibabu ya serikali ya Uingereza, ile zahanati ya ndani ni ya kulipia, na mgonjwa akihitaji kutolewa kwa helikopta bili yake usiulize. Kwa mtu wa miaka 76 mwenye presha na sukari, siku 74, nimetajiwa pauni 1,180. Ya mama peke yake. Na wanauliza: dawa zake zimebadilishwa hivi karibuni? Jibuni ukweli, maana ukificha kidonge kimoja hawalipi chochote. Chumba tumechukua cha ndani, bila ya dirisha, katikati ya meli na chini, ambapo mtikisiko si mkubwa. Kile cha bafu lisilo na kizingiti kilikuwa kimebaki kimoja. Hivyo vinakwisha mapema, na mzee wa watu hawezi kunyanyua mguu juu ya kizingiti huku sakafu inayumba. Lakini haya ni yangu mimi na mama yangu. Mzazi wako akiwa na pasipoti nyengine, au ugonjwa mwengine, hesabu yote inageuka. Asije mtu akaniandikia "dada ulituambia".

Sasa lile swali la mwisho, la "tiketi ya kurudi ya mama ni bei gani". Hilo nilikuwa nikilikwepa.

Meli inakaa Unguja siku moja. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na huenda ikatia nanga nje tukashushwa kwa boti ndogo. Mimi nimelipa kwenda na kurudi, wote wawili. Wiki iliyopita nimekaa na mama mezani, najaza fomu ya kampuni, na mna kisanduku kimoja: abiria anashuka njiani, ndiyo au hapana. Maelezo yanasema ukishuka njiani hurudishiwi hata senti. Nikaweka kalamu kwenye "hapana", mama akanishika mkono.

"Masaa kumi," akasema. "Nitamaliza salamu za mtaa gani kwa masaa kumi?"

Nikamweleza taratibu, mama, ukaazi wako, ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo unaupoteza. Na ukishuka, utarudije, na ndege hupandi? Alikuwa anakunja ile kadi ya manjano ndani ya mfuko wake wa nailoni.

"Nimesema nataka kufunga Ramadhani kwetu," akasema. "Wewe ndiye uliyesema kurudi."

Fomu ninayo hapa, hii. Mnaiona? Inatakiwa ifike Ijumaa. Kisanduku kitupu. Kaka wa Muscat anasema mwache mama afanye atakalo. Na yule mwengine leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, kaandika kitu tofauti kwenye grupu. Kauliza chumba cha uani, Ng'ambo, kama choo chake kinatumika bado.

Haya, nakwenda kulala. Video ya pilau njooni Jumapili.