Leza ya SFP ikichoka utaijuaje? Tazama mkondo, achana na mwanga

Habari wadau, karibuni tena. Leo tunapima leza ya moduli ya SFP, kale kakifaa kanakochomekwa kwenye swichi ya mtandao na kutuma data kwa mwanga kupitia faiba, waya wa kioo. Hii ni ya kufika kilomita 10, mawimbi ya mwanga wake nanomita 1310. Kuingia kwenye swichi na kufungua ukurasa wa vipimo mnajua, naruka.

Nguvu ya mwanga unaotoka, hapo: -6 dBm. Wengi wakiona hivyo wanasema iko fiti, wanafunga raki. Namba hiyo inadanganya, jamani. Ndani ya moduli kuna kihisi kinachoichunga leza. Leza ikizeeka, saketi inaiongezea mkondo wa umeme ili mwanga usishuke. Kwa hiyo soma mkondo. Nasogeza kamera... miliampia 26! Daftari langu linasema siku tunaifunga ilikuwa 14.

Ngoja kwanza. Joto nyuzi 61? Hapa silinganishi kitu, leza ikipata joto inakula mkondo zaidi hata ikiwa mpya. Kumbe feni imezibwa na... hii fulana ya nani? Nakata, tunarudi ikipoa.

Haya, nyuzi 43. Daftarini ilikuwa 42. Mkondo 22. Ikishapanda zaidi ya nusu mimi sibishani nayo, natoa. Na mwanga bado -6, umeona?

Kabla hujagusa, vaa mkanda wa umeme tuli, klipu kwenye ethi ya raki. Vaa mkanda! Niliwahi kushika moduli mpya mkono mtupu, nimetoka tu kuinuka kwenye kiti cha sponji. Ikawaka vizuri, mteja akalipa, wiki ya tatu ikazima. Cheche ambayo hata hukuisikia inaijeruhi leza bila kuiua, halafu inakufia kwa mteja. Klipu umeibana? Angalia tena. Yangu iliwahi kuning'inia hewani huku najiona nimevaa.

Chomoa faiba. Usichungulie tundu! Mwanga huu jicho haliuoni, na kamera ya simu nayo haiuoni: giza tupu, lakini upo. Sasa toa moduli, safisha ncha ya faiba kama video iliyopita, chomeka mpya mpaka ilie "ta".

Nimeiacha nusu saa izoee joto. Miliampia 13, nyuzi 42. Andika sasa hivi, na tarehe... kalamu iko wapi tena? Moduli hizi ninazo dukani, na kila moja naiuza na karatasi ya kipimo chake cha siku ya kwanza.