Msuli Uliotulia Nao Unatoa Joto

Ndugu zangu, nalisema tena: kutetemeka ni nusu tu ya habari ya jinsi mwili unavyojipasha kwenye baridi. Mnyama akipigwa baridi kwa wiki kadhaa, mtetemo hupungua, joto linabaki. Linatoka wapi?

Tuingie ndani ya seli ya msuli. Kalsiamu imefungiwa kwenye vifuko. Neva ikitoa amri, milango hufunguka, kalsiamu humwagika, msuli unakaza. Ili ulegee, pampu za protini kwenye kuta za vifuko huirudisha ndani: kwa kila molekuli 1 ya ATP, yaani kibeba nishati cha seli, ioni 2 za kalsiamu. Sasa sikilizeni. Kuna protini ndogo, sarkolipini, inayojishikiza kwenye pampu hiyo. Pampu inaendelea kuvunja ATP, ila kalsiamu inaponyoka na kurudi ilikotoka. Hakuna kilichohamishwa, nishati yote imekuwa joto, na msuli umetulia tuli! Mitokondria, vinu vya nishati vya seli, nazo hulazimika kuchoma mafuta na sukari ili kufidia ATP iliyotumika, na huko joto jingine linatoka.

Mtu ataniambia, hiyo si kazi ya mafuta ya kahawia, yale ya mwilini yanayotoa joto? Basi anieleze ndege, ambao hawana mafuta hayo kabisa. Hata kwa panya, matokeo ya mwaka 2012 yako wazi. Panya waliondolewa mafuta ya kahawia ya katikati ya mabega, wakawekwa kwenye nyuzijoto 4. Wenye sarkolipini walihimili. Wasio nayo miili ilipoa.

Nduaro, yule samaki mkubwa wa baharini, amekwenda mbali zaidi. Sehemu ya msuli wa jicho lake imepoteza nyuzi za kukaza. Kilichobaki ni mitokondria na vifuko vya kalsiamu vilivyosongamana. Msuli huo hauvuti kitu tena, unapasha macho na ubongo anapowinda kwenye vilindi vya baridi.

Fisi maji wa baharini hana tabaka nene la mafuta. Mitokondria za misuli yake huvujisha protoni, chembe ambazo mtiririko wake kwa kawaida hutengeneza ATP, bila kuitengeneza, na nishati inakuwa joto, tangu akiwa mchanga asiyejua kuogelea. Gharama yake ni chakula: kwa siku hula karibu robo ya uzito wake.

Muda umekwisha, jodari nampitia haraka. Msuli wake mwekundu uko ndani, karibu na uti wa mgongo, na damu inayotoka humo ikiwa na joto hupita sambamba na ile baridi inayotoka kwenye matamvua, ikiipasha. Moyo ndio haufikiwi na joto hilo. Unabaki na ubaridi wa maji, na akizama sana mapigo yanapungua mpaka inambidi apande juu.