Wanauza Sana, Wananung'unika Zaidi

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Salim, leo nina swali linalonikera. Kusini mwa Marekani ndiko nyumba mpya zinakouzwa kwa wingi, zaidi ya nusu ya mauzo ya nchi nzima. Sasa iweje wajenzi wa huko, miaka hii ya karibuni, wawe wanyonge kuliko wenzao wa Kaskazini Mashariki wanaouza kiduchu?

SALIM: Kuuza sana ni jambo moja, kufurahia unachouza ni jingine. Huo unyonge hupimwa kwa fahirisi ya imani, yaani alama ya jinsi wajenzi wanavyoiona biashara yao; tuanze nayo. Chama cha wajenzi wa nyumba cha Marekani, NAHB, kila mwezi kinawauliza wanachama wake mambo matatu: mauzo ya sasa yakoje, miezi sita ijayo unaionaje, na wanaokuja kuangalia nyumba ni wengi au wachache? Kwenye mauzo unajibu nzuri, wastani au mbaya, basi. Hakuna anayekuuliza umeuza ngapi.

REHEMA: Yaani wanapimwa moyo.

SALIM: Moyo kabisa! Mstari wa katikati ni 50: juu yake, wanaoona hali nzuri ni wengi kuliko wanaoiona mbaya. Machi 2020 ilikuwa 72, Aprili ikaporomoka hadi 30, Novemba mwaka huohuo ikafika 90, rekodi tangu ianze 1985. Wajenzi ni walewale.

REHEMA: Haya, Kusini kuna nini?

SALIM: Texas na Florida ardhi ipo, kwa hiyo kampuni zilijenga kwa kasi. Riba ya mikopo ya nyumba ikapanda, kutoka chini ya asilimia 3 mwanzoni mwa 2021 hadi karibu 8 Oktoba 2023. Nyumba zikaanza kukaa zimekamilika, hazina mwenyewe. Sasa mjenzi anaogopa kushusha bei waziwazi, maana jirani aliyenunua mwezi jana atamjia juu. Anachofanya ni kumlipia mnunuzi sehemu ya riba. Chukua mkopo wa dola 400,000 wa miaka 30. Kwa asilimia 7 unalipa kama dola 2,660 kwa mwezi, kwa 5.5, kama 2,270.

REHEMA: Karibu dola 400 kila mwezi! Hapo hata mimi nasaini.

SALIM: Wewe umesaini, yeye kahesabu mauzo, ila faida imeshaliwa. Muulize hali ikoje.

REHEMA: Mbaya! Na Kaskazini Mashariki naanza kuelewa. Viwanja adimu, kanuni za matumizi ya ardhi zinabana, wenye nyumba za zamani wameng'ang'ania mikopo yao ya riba ndogo, hawauzi. Mwenye nyumba kumi mpya anajidai tu.

SALIM: Anachagua mteja, dada yangu.

REHEMA: Lakini si utaona kichwa cha habari, "Mauzo Kaskazini Mashariki yaruka asilimia 30"?

SALIM: Hapo ndipo watu huniudhi. Eneo lenye mauzo machache, sampuli ndogo, mwezi mmoja tu! Tofauti ya miradi michache inatikisa asilimia nzima. Isitoshe, Ofisi ya Sensa, inayotoa takwimu hizo za mauzo, huhesabu nyumba pale mkataba unaposainiwa au arbuni inapopokelewa, hata kama msingi haujachimbwa. Mteja akighairi wiki ijayo, haiondolewi kwenye hesabu.

REHEMA: Kumbe! Basi takwimu za mwezi ujao zikitoka, wewe utakimbilia wapi kwanza?

SALIM: Nyumba zilizokamilika zisizo na mnunuzi. Halafu riba.

REHEMA: Na asilimia 30 yangu?

SALIM: Iache ipoe. Mwezi unaofuata watairekebisha wenyewe.