Mirathi na Minazi 24

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni barazani. Leo tuliahidi mambo matatu: wosia, kazi ya msimamizi wa mirathi, na yanayokwamisha faili mahakamani. Ila Bakari ameingia na karatasi imejaa vijistari, utadhani daftari la mkwezi.

BAKARI: Waaleikum salaam. Ndiyo kazi ya wiki hii hiyo. Jumanne niliitwa Kigombe kuwapigia watu hesabu ya faraidhi, yaani mgawanyo wa urithi wa Kiislamu. Marehemu kaacha mjane, wavulana wawili, mabinti watatu. Nyumba iko Ngamiani, Tanga mjini, vyumba sita. Huko Kigombe ana minazi 24. Nyumba hakuna aliyeitaja. Kikao kizima minazi!

ZUHURA: Njia ya Pangani hiyo, ulitarajia nini?

BAKARI: Na hesabu yenyewe tamu. Mjane ana watoto, fungu lake ni thumni, moja ya nane. Zinabaki saba. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja, kwa hiyo wavulana wanabeba nne, mabinti tatu. Saba juu ya saba. Minazi 24: mama 3, kila binti 3, kila mvulana 6. Haibaki hata mche.

ZUHURA: Kwenye karatasi.

BAKARI: Kwenye karatasi. Shambani minazi minane ni vikongwe, inatoa nazi za kuhesabu kwa vidole. Sita bado michanga, na hii mirefu yetu hukawia miaka sita hadi minane kuzaa. Iliyokolea ni kumi tu. Sasa nani apewe vikongwe?

ZUHURA: Kwanza niambie, ardhi ya nani?

BAKARI: Ya ami yake. Marehemu alipanda kwa ruhusa.

ZUHURA: Basi hapo ndipo pa kusimama kabla ya kugombania vikongwe. Kwetu pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Msimamizi akijaza Fomu namba 5, ile ya orodha ya mali na madeni, akaandika "shamba la minazi Kigombe", ami anakuja mahakamani na pingamizi, na ana haki. Hapo inasimama orodha yote, mpaka nyumba ya Ngamiani ambayo haina mgogoro. Aandike "minazi 24 iliyomo katika shamba la fulani", ataje mipaka, na majirani wawili wathibitishe.

BAKARI: Walikuwa wameandika shamba.

ZUHURA: Wafute.

BAKARI: Haya, na vikongwe?

ZUHURA: Wasigawe miti, wagawe mavuno. Mkwezi mmoja, waangue kila miezi mitatu, wauze pamoja, wamtoe mkwezi chake, kinachobaki wakigawe kwa nane. Ukigawa miti, halafu ugonjwa wa kunyong'onyea ukapita kwenye mitatu ya mama, mama hana kitu na wenzake wanakula nazi. Mavuno yakiwa ya pamoja, hasara inawagusa wote kwa mafungu yao.

BAKARI: Hilo nililisema. Kijana mkubwa akasema yeye anataka miti yake aione kwa macho.

ZUHURA: Kuiona anataka, kuikwea je? Turudi kwenye mada. Kabla ya fungu la mtu yeyote kuna foleni. Kwanza gharama za mazishi, pili madeni, tatu wosia, usizidi theluthi ya kilichobaki. Warithi wa mwisho. Na mrithi hausiwi, yaani haachiwi kitu kwa wosia, ila wenzake waridhie.

BAKARI: Na kwenye madeni, mahari iliyobaki isisahauliwe. Mwanamke aliahidiwa mahari, akalipwa nusu, mume akafa. Ile nusu ni deni, inatoka kwanza. Watu humwambia mjane "si utapata thumni yako?" Thumni ni urithi, deni ni deni. Anachukua vyote viwili.

ZUHURA: Enhe! Hapo umenena.

BAKARI: Hata akilipwa kwa minazi.

ZUHURA: Umerudi mnazini! Wasikilizaji, tuna mambo matatu ya kusema. Nianze na faili. Wanaofuata sheria ya Kiislamu au mila hufungulia Mahakama ya Mwanzo, lakini ipi? Ile ya mahali marehemu alipokuwa na makazi, si pale nyumba ilipo. Mtu kaishi na kufia Temeke, nyumba iko Ngamiani, watoto wanafungua Tanga kwa sababu nyumba iko Tanga. Msimamizi anateuliwa, anauza chumba, halafu mrithi mmoja anapinga na uteuzi wote unafutwa. Aliyenunua analia na nani?

BAKARI: Na majina. Cheti cha kifo Mohamed, hati ya nyumba Muhamadi bin fulani, benki jina la utani. Mahakama itataka kiapo kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Rahisi kuyaweka sawa mwenyewe akiwa hai, kwa ada ya wakili siku moja.

ZUHURA: Na muhtasari wa kikao cha ukoo?

BAKARI: Unasaidia, maana mahakama inaona nani anakubalika. Lakini kikao hakiteui msimamizi, mahakama ndiyo inateua. Na akiteuliwa hajawa mmiliki. Yeye anakusanya, analipa, anagawa, anarudisha hesabu. Wako wanaokalia barua ya usimamizi miaka kumi kama hati miliki, kodi wanakula wenyewe.

ZUHURA: Sasa hiyo nyumba ya Ngamiani ambayo hakuna aliyeitaja.

BAKARI: Iuzwe.

ZUHURA: Ala! Kwa nini?

BAKARI: Piga hesabu. Vyumba sita, tuseme 40,000 kwa mwezi kila kimoja, 240,000. Thumni 30,000, mvulana 60,000. Leo inaonekana pesa. Mvulana mmoja akifa akaacha watoto, mjane wake ana thumni ya 60,000, yaani 7,500. Na hapo bati halijavuja. Likivuja nani atoe pesa, mwenye 7,500? Nyumba za namna hiyo ziko kila barabara pale: uani pameanguka, warithi 30, hakuna anayeziba tundu.

ZUHURA: Na binti akiachika anarudi wapi? Thumni ya mauzo hainunui hata msingi Ngamiani. Nyumba ile ndiyo kwao.

BAKARI: Basi mmoja awanunue wenzake. Mthamini aliyesajiliwa atoe bei, maandishi yawekwe mahakamani.

ZUHURA: Mwenye pesa ya kununua wenzake ni nani? Yule aliyeko mbali, hajaja hata msibani. Mwaka wa pili mama anadaiwa kodi kwenye chumba alichozalia.

BAKARI: Hayo ni maadili ya mtu, si hesabu.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema mwenye nyumba aamue akiwa hai. Aiweke wakfu kwa kizazi chake: haiuzwi, hairithiwi, kodi inatengeneza paa kwanza halafu wanagawana.

BAKARI: Akifanya hivyo kwa wosia inaishia theluthi.

ZUHURA: Nimesema akiwa hai. Au atoe hiba, zawadi ya mtu akiwa hai.

BAKARI: Hiba ndiyo inayonitia shaka zaidi. Kutoa, kupokea, kukabidhi. Mzee anasema mbele ya watu "nyumba hii nimempa Fatuma", halafu funguo anazo yeye, kodi anapokea yeye mpaka siku anakufa. Hajakabidhi. Kaka zake Fatuma wanaivunja hiba asubuhi moja. Na akiitoa kwenye ugonjwa wa mauti, inahesabiwa kama wosia, na Fatuma ni mrithi. Wakikataa wenzake, imekufa.

ZUHURA: Kwa hiyo akabidhi mapema! Hoja yako inaunga mkono yangu.

BAKARI: Haiungi. Mzee gani atakabidhi nyumba halafu awe mpangaji wa bintiye?

ZUHURA: Mwenye binti mwema.

BAKARI: Na wakfu unamfunga mjukuu ambaye hajazaliwa. Miaka 40 mbele nyumba ya udongo inataka kuvunjwa ijengwe ghorofa, nani ana ruhusa?

ZUHURA: Msimamizi wa wakfu, kama mwandikaji alimpa ruhusa hiyo.

BAKARI: "Kama."

ZUHURA: Kila karatasi ina "kama", hata yako ya minazi.

BAKARI: Minazi nimeigawa sawasawa!

ZUHURA: Sita michanga, minane vikongwe, unaita sawasawa?

BAKARI: Fundi ananionyesha vidole viwili.

ZUHURA: Dakika mbili? Na wosia hatujaugusa! Mashahidi wa wosia wa kimila, wosia unaowekwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ndugu zetu Wakristo ambao theluthi haiwahusu...

BAKARI: Sema moja tu.

ZUHURA: Fomu namba 5 irudi mahakamani ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Ukichelewa, omba kuongezewa muda kabla hujaitwa. Hesabu zinakuja kwa Fomu namba 6, nayo...

BAKARI: Moja tu, dada.

ZUHURA: Haya. Wosia wiki ijayo.

BAKARI: Na nyumba iuzwe.

ZUHURA: Haiuzwi. Fundi, kata.