Mulika Kila Ganda Kabla Hujaweka Kichwa

Haya ndugu zangu tukae, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Najua wengi mmekuja kuuliza habari za mashine za kujaza upya maganda ya risasi nyumbani, ninunue ya hatua moja, ile inayofanya kazi moja moja, au ile inayozunguka na kutoa risasi kila ukivuta mkono wa mashine, nitafika huko muda ukiruhusu. Kwanza tochi. Mlionisikia siku nyingine mnajua nitasema nini na nitasema tena: usiweke kichwa cha risasi, kile kinachoruka, kwenye ganda lolote kabla hujamulika ndani ukaona baruti imefika wapi.

Chukua ganda la .38 Special, risasi ya bastola ya silinda. Lilianza 1898, enzi za baruti nyeusi inayokula nafasi, ndo maana ni refu vile. Leo tunatia baruti isiyo na moshi, kwa baruti nyingi za kasi ni kama greni 3 hadi 5, na greni moja ni gramu 0.065 tu. Ukichungulia unaiona imelala kule chini kabisa kama chumvi uliyoinyanyua kwa vidole viwili. Sasa ukisahau ukamimina mara ya pili? Inaingia yote, haimwagiki, kichwa kinakaa vizuri, na ukiishika hiyo risasi kwa nje iko sawa na wenzake. Utajua siku ukivuta kifyatulio na silinda ikapasukia mkononi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najaza usiku, simu ikaita, nikaongea weee, nikarudi nikaendelea pale nilipodhani nimeishia. Kesho yake kwenye uwanja wa shabaha, risasi ya tano sijui ya sita, badala ya mlio nikasikia "pu", kama mtu kapiga mto kofi. Kidole kilishaanza kuvuta tena! Mzee aliyekuwa pembeni yangu akapiga kelele acha, weka chini. Tukatoa risasi zote, tukapitisha kijiti cha shaba kwenye mtutu, kikagota katikati. Kichwa kimekwama. Ganda halikuwa na baruti hata chembe, praima, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda, peke yake ndo ilikisukuma mpaka pale, na ile ya pili ingekuta njia imezibwa. Lakini kilichoninyima usingizi siyo hicho. Mkono uliosahau kujaza ganda moja ungeweza vilevile kujaza lingine mara mbili.

Kuna mtu hapo anawaza, mimi napima kila kitu kwenye mzani. Mzani unapima kilichopo kwenye kisahani, hauhesabu umemimina mara ngapi! Mwingine atasema mashine yake inajizungusha yenyewe, haikosei. Siku praima ikikwama ukarudisha mkono wa mashine nyuma kurekebisha, utakumbuka ganda lipi lilishapata? Ukishakatiza mimina yote kwenye kopo, anza upya. Maganda yakae kwenye trei ya 50, ambayo hayajajazwa midomo chini, na mezani pawe na kopo moja tu la baruti, simu chumba kingine.

Nakimbia sasa. Kwanza hakikisha sheria ya unapoishi inakuruhusu. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha mtengeneza baruti, siyo kwa rafiki, unaanzia kile cha chini na kupanda kidogokidogo. Kichwa usikizamishe kuliko kitabu kinavyosema, kwenye 9mm, risasi ya bastola za magazini, kuzama kidogo tu kunapandisha presha sana. Na 9mm hiyohiyo inasimama kwa mdomo wa ganda ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kwa hiyo mdomo unaubana taratibu kwa mshazari, usiukunje kuingia kwenye kichwa. Praima zibaki kwenye boksi lake, usizimwage zote kwenye chupa, moja ikilipuka inaamsha zingine. Miwani vaa. Nawa mikono kabla ya kula, madini ya risasi hayaonekani.

Mashine, basi: anza na ya hatua moja, kwa sababu kila ganda litapita mkononi mwako mara nyingi na utaliona.

Yaliyobaki ya praima tuyaache, muda umeisha. Hapa mezani kuna trei ya maganda 50 yenye mchanga mkavu badala ya baruti, moja nimelijaza mara mbili na moja halina kitu. Tochi hii hapa, njooni mmoja mmoja myatafute.